Nyama ya Kutembea

Jumapili, mwezi wa tano, 1974

Mvua ilitupiga tukitoka kanisani, kisha ikaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Sasa ni alasiri. Jua limetoka na uwanja unatoa mvuke. Mtoto amelala. Baba Achieng, mume wangu, amesharudi mjini kwa kazi yake ya reli. Nimekaa mlangoni na daftari.

Nimemwona.

Nataka hilo liandikwe kwanza, kwa sababu mengine yote ni shida. Jana asubuhi nilimwona kwa macho yangu haya, karibu mpaka niliona maji yakidondoka kutoka kidevuni mwake.

Mwalimu wetu wa ngumbaru anasema mtu akiandika aanze mwanzo. Haya, naanza.

Sisi wanawake wa ufuo huu, huku chini ya Otonglo, kazi yetu ni mafunjo. Togo, kwa lugha yetu. Tunayakata, tunayaanika, tunayashona mikeka, na siku ya soko tunapanda nayo kichwani mpaka barabara ya Busia. Kinamasi chenyewe kilifungwa na serikali wakati Achieng wangu alikuwa bado ananyonya. Walikuja wakasimamisha kibao, wakasema humu ndani ni mahali pa wanyama, watu wakate mafunjo ya pembeni tu. Tukabaki pembeni. Siku nyingi tulibaki pembeni.

Lakini iko njia.

Ni njia ya wanawake. Mimi nilionyeshwa na mama mkwe wangu, Mungu amlaze, na yeye alionyeshwa na mama mkwe wake. Inaanzia nyuma ya mkuyu ulioanguka, na usipoonyeshwa huioni. Kabla ya kuingia unagonga mashina ya mafunjo kwa mpini wa mundu, unasema, "Hodi, nyieka." Nyieka ni mke mwenza. Ndivyo tunavyomwita mwenye humo ndani, yule swala mwekundu anayeishi majini, kwa sababu anakula mafunjo yetu na anatengeneza mkeka kama sisi. Kweli kabisa. Anayalaza mafunjo kwa miguu, anazunguka, anazunguka tena, mpaka yanakuwa kitanda juu ya maji, na hapo ndipo analala na kuficha mtoto wake. Mimi nashona mikeka tangu nikiwa msichana, lakini siku ya kwanza niliposimama mbele ya mkeka wake nilinyamaza. Ukiukuta, hukati karibu. Unarudi nyuma polepole. Sheria hiyo hakuna aliyetuandikia kwenye kibao.

Yeye mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona. Nyayo, ndiyo. Mkeka, ndiyo. Mara moja mgongo, au labda lilikuwa gogo.

Sasa, habari ya ng'ombe. Bila ng'ombe haya yote hayaeleweki.

Wiki ile ya nyuma tulimzika mzee wa boma la pili. Karantini iko, ng'ombe wana ugonjwa wa miguu na midomo, na chifu amekataza mtu yeyote kuchinja. Lakini utamzika vipi mzee wa wake watatu kwa chai na mkate? Fahali alichinjwa alfajiri nyuma ya nyumba, na kila mlango ukapata sehemu yake imefunikwa majani ya migomba. Yangu niliikata vipande virefu nikaitundika juu ya moshi iwe aliya, ile nyama kavu ambayo watoto wangu wanaipenda kuliko Krismasi yenyewe.

Basi Jumanne gari la serikali likasimama kwangu. Nyumba zote hizi, likachagua kwangu.

Akashuka mtu mwembamba, msafi, mtu wa Pwani ukimsikia anavyoongea. Baadaye nilijua jina lake ni Bwana Salim. Akainama kidogo akaniambia, "Shikamoo, mama." Mimi sijawahi kuamkiwa hivyo maisha yangu yote. Nikajibu, "Asante, ni wazima." Nyar Seme alinicheka baadaye, eti ilikuwa niseme marahaba. Lakini yeye alikuwa amesimama hapo hapo na hakusema.

Nyar Seme ni jirani yangu na rafiki yangu. Alitoka Seme kuolewa hapa, na mdomo wake ulikuja naye.

Bwana Salim akasema anatoka ofisi ya wanyama. Mimi nikasikia ofisi ya nyama.

Nani angesikia vingine? Aliya ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake pale alipokaa. Angeinua macho tu, angeiona. Nikaongeza kuni mbichi ili moshi ufunike harufu, mpaka maskini akaanza kukohoa.

"Nyinyi mko karibu na kinamasi kuliko watu wote," akasema. "Nataka mniambie ukweli tu, msiogope. Kuna wanyama gani waliobaki?"

Waliobaki! Nikajua ameshaambiwa habari ya matanga.

"Nyama hakuna, bwana," Nyar Seme akadakia.

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa! Sisi hapa ni omena na mboga. Uliza mtu yeyote."

"Hata mmoja?"

"Hata moja! Hata mfupa!"

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mama? Hujaona?"

"Zamani ilikuwa, bwana," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Sasa imeisha."

"Mara ya mwisho kuona ilikuwa lini?"

"Krismasi."

Uso wake ukaanguka kabisa. Hilo lilinichanganya, kwa sababu mtu wa kukagua nyama gani anahuzunika akiikosa? Alikataa chai, akaomba maji, akanywa, akasimama. "Poleni sana," akatuambia, kwa sauti ya mtu aliyekuja matangani.

Gari lilipoondoka Nyar Seme alicheka mpaka akakaa juu ya kinu. "Anatupa pole ya kukosa nyama! Watu wa Pwani ni wazuri, jamani! Kumbe tungemwomba na ya kwake!"

Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa kuponea. Sikujua nacheka nini.

Ijumaa chifu akaita baraza. Nilienda na mtoto mgongoni, nikakaa na wanawake nyuma kabisa. Chifu akasimama, akasema ana habari njema. Afisa amezunguka ufuo mzima, na akina mama wenyewe wamekiri: humo ndani wanyama wamekwisha. Serikali haiwezi kuendelea kulinda matope. Afisa akifika ofisini kwao na kusema hivyo, kinamasi kitafunguliwa, mifereji itachimbwa, maji yataelekezwa ziwani, na kila boma litapata kipande cha kulima mpunga.

Wanaume wakapiga makofi. Wengine wakasimama.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno. Wanyama. Mwalimu wetu aliliandika ubaoni mwezi uliopita: mnyama, wanyama. Tuliimba darasa zima, wanawake wazima na watoto mgongoni, mnyama, wanyama, kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Kisha tukatoka nje, tukarudi kuongea Kiswahili chetu cha soko, ambacho kila kitu ni nyama: ya kuku, ya porini, ya mbwa anayebweka.

Wa. Tuliacha ile wa ndogo, na kinamasi kizima kikaenda nayo.

Nilimtazama Nyar Seme. Alikuwa anapiga makofi, anauliza mwanamke wa mbele kama mpunga unapandwa kwa mbegu au kwa miche.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya ufuoni, na hofu ikinifuata. Mimi ni mtu wa hofu, watoto wangu wananijua. Nikisikia gari linafunga breki barabarani nawahesabu wote. Lakini hofu hii ilikuwa ya aina nyingine. Ilikuwa kama nimemsahau mtoto mahali.

Na tusidanganyane, hatukusema uongo mtupu. Wengi wameenda kweli.

Nilipoletwa hapa bibi arusi, karibu na Uhuru, viboko walikuwa wanapanda mpaka kwenye viazi vyetu. Asubuhi mama mkwe anatembea kwenye shamba akitazama nyayo, anasema huyu ni dume, huyu ana mtoto, huyu mguu unamuuma. Ndege wenye taji walikuwa wanacheza pale penye maji mafupi, wawili wawili, wanainamiana na kuruka, na sisi tulisimama na mizigo kichwani kuwatazama mpaka shingo ziseme basi. Na mvua ndefu ikianza, ningu walikuwa wanapanda kijito. Samaki wengi hivyo kwamba ulikuwa unawasikia kabla ya kuwaona, mikia inapiga maji, kijito kizima kinavuma. Watoto waliwachota kwa beseni.

Achieng hajawahi kusikia sauti hiyo. Siku moja nilijaribu kumwonyesha kwa kupiga viganja kwenye maji ya kufulia. Akacheka. Nikajaribu tena, lakini haikuwa yenyewe. Nikaacha, nikaendelea kufua, na nilikuwa na machozi.

Kila mtu ana sababu yake. Watu wa kanisa wanasema ni dhambi zetu. Wazee wanasema ni kibao, kwamba mahali palipopigwa msumari na serikali wanyama hawapapendi. Nyar Seme anasema viboko wamehamia Uganda. Nikimuuliza nani aliwaona mpakani, anasema hawakupita kwa barabara, wana ziwa lao. Mimi ninachojua ni kidogo. Najua kibao kilituzuia sisi tunaotembea kwa miguu, hakikuwazuia wanaokuja kwa mtumbwi na nyavu za kuziba mdomo wa kijito. Najua pia kwamba tulipoacha kukata kule ndani, mafunjo yalizeeka yakaanguka yakafunga vijia vya maji, na mahali pa kupita samaki pakawa uwanja. Lakini ndege wenye taji sijui. Kwa nini wao? Hakuna aliyewala. Hilo nikilifikiria usingizi unakatika.

Aliyebaki ni nyieka. Na sisi, wake wenza wake, ndio tuliosema hayupo.

Kwenda kumwambia afisa haikuwa jambo dogo. Nikisema yuko, atauliza nimejuaje. Nikimwonyesha, nimeonyesha njia. Si yangu peke yangu ile njia. Ni ya Nyar Seme, ni ya wajane wale wawili wa kwa Ogola ambao hawana kitu kingine cha kuuza ila mkeka. Nilifikiri niende kwa Nyar Seme kwanza, tushauriane. Nikafika mpaka kwenye ua wake. Nikamsikia ndani anamwambia bwana yake vile atakavyopika wali siku ya mavuno, wali mweupe, kila siku kama Wahindi. Nikarudi.

Jana mapambazuko nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kambi ya chifu. Bwana Salim alikuwa anafunga mizigo yake kwenye gari. Akaniona. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. Hiyo nilikuwa nimeshika. Mengine yakanipotea. Nilisimama pale, nikafungua mdomo, nikasema, "Bwana, nyama iko."

"Nyama?"

"Ile uliuliza. Iko."

Akatazama mikono yangu kama nimemletea kwenye majani. "Mama, nashukuru, lakini nasafiri..."

"Si ya kula! Ile ingine. Nyama ya kutembea!"

Alinitazama. Kisha nikaona Jumanne yote ikipita usoni mwake, omena na mboga, hata mfupa, Krismasi. Akashika mlango wa gari, akacheka mpaka akachuchumaa. Na mimi nikacheka, na nilikuwa nalia. Halafu akaacha kucheka, akauliza polepole, "Yupi?"

"Mwekundu. Wa majini. Anayeshona mkeka."

Hakufunga hata mlango wa gari.

Nilimpeleka mpaka kwenye mkuyu ulioanguka. Hapo nikasimama. Nilijua nikiinua lile funjo la kwanza, sitaweza kulirudisha. Yeye alisimama nyuma yangu, hakunisukuma, hakuuliza. Mtoto alikuwa anacheza na ukosi wa nguo yangu. Nikatoa mundu kiunoni, nikageuza mpini, nikagonga.

"Unagonga nini?" akauliza.

"Hodi."

Akavua viatu.

Tuliingia. Ndani ya mafunjo hata asubuhi ni kijani, hewa yenyewe ni kijani, na maji yana baridi mpaka magotini. Hatukuongea. Nilimwonyesha wayo kwa kidole, ule mrefu uliopanuka kama mkasi uliofunguliwa, na yeye akaweka vidole viwili vyake katikati akanionyesha jinsi kwato zinavyofunguka ili mnyama asizame kwenye tope. Miaka yote nimeuona wayo ule na sikujua kwa nini uko hivyo. Nilifurahi kama mtu aliyepewa jina la ndugu yake.

Kisha tukafika kwenye mkeka.

Ulikuwa mtupu. Mafunjo yamelazwa duara, yamebanwa, hayana maji juu. Bwana Salim akaweka kiganja. Akaniita kwa jicho niweke na mimi.

Ulikuwa na joto.

Tulisimama. Ndege fulani alilia mara moja akanyamaza. Mbu walitufaidi. Nilianza kufikiri kwamba amekwenda, kwamba nimetoa njia yetu bure, kwamba mtoto atashikwa na homa kwa baridi hii na kosa ni langu. Nikatazama chini kwa aibu, kwenye maji yaliyo mbele ya mkeka, na nikaona vidonge viwili vyeusi vimekaa juu ya maji, vinang'aa. Nilidhani ni mbegu. Kisha vikafunguka na kufungika.

Ilikuwa pua.

Alikuwa pale muda wote. Chini ya maji, mwili mzima, amebakiza pua tu, anatusikiliza. Tungenyoosha mkono, tungemgusa.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Kanisani wanasema neno utukufu na mimi huwa naliimba tu, linapita. Jana nililiona neno lile limekaa majini na lina pua.

Halafu mtoto wangu, yule mdogo mgongoni, akatoa sauti yake ya asubuhi, ile ya "mmh" ndefu anapotaka kunyonya. Na ndani ya mafunjo, upande wa kushoto, sauti ingine ndogo ikajibu. Kitu chembamba kikasimama kwa miguu inayotetemeka. Mtoto. Rangi ya udongo mbichi, madoa meupe ubavuni kama mtu amemnyunyizia unga.

Hapo ndipo mama yake akainuka.

Hakuruka. Aliinuka polepole, na maji yakamtoka kichwani, shingoni, mgongoni, yakishuka kwa mistari, na nywele zake nyekundu zikawa nyekundu zaidi. Akasimama kati yetu na mtoto wake. Macho yake makubwa. Sikio moja lilikuwa kwa mtoto wake, na la pili, naapa, likageukia wangu. Tulitazamana. Mimi nimemfunga wangu mgongoni, yeye amemficha wake nyuma. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilisahau mbu, nilisahau mpunga, nilisahau kwamba nina jina.

Nyuma yangu nilimsikia Bwana Salim akinong'ona, "Subhanallah. Subhanallah." Nilipogeuka tena mbele, nyieka amekwenda. Wote wawili wamekwenda, na maji hayakutoa hata sauti. Mafunjo yalitikisika kidogo juu kwenye ncha, basi.

Tulitoka. Kwenye mkuyu alikaa akavaa viatu vyake polepole, kila kamba.

"Mimi nilimsoma kwenye vitabu," akasema. "Anaitwa nzohe. Nimetembea naye kwenye karatasi miaka mingi. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na mimi," nikamwambia. "Na mimi nimeishi naye."

Kisha akaniuliza ambacho nilijua ataniuliza. Njia hii imekatwa na nani. Ningeweza kusema sijui. Lakini nimesema sijui na hakuna mara nyingi wiki hii, na angalia ilikotufikisha. Nikamwambia ni sisi wanawake. Nikamwambia kwamba tunapokata ndipo maji yanafunguka, na machipukizi mapya yanatoka, na nyayo zake zipo kwenye machipukizi, hazipo kwenye mafunjo mazee. Alisikiliza. Akarudi mpaka mdomo wa njia akatazama mwenyewe.

"Mama, sitakuficha," akasema. "Nikisema nzohe yuko, kinamasi hakitafunguliwa. Hilo naliona. Lakini wakubwa wanaweza kusema kifungwe zaidi. Waweke askari hapa kwenye mkuyu. Nitawaeleza ulivyonieleza, kuhusu kukata. Kama watanisikiliza, sijui."

"Na ukisema hayuko?"

"Mpunga."

Alikuwa ananiuliza mimi. Mtu wa serikali, na gari, anasubiri jibu langu. Nilitamani mama mkwe wangu awe hai. Nilitamani Nyar Seme awe pale anitukane. Mtoto alikuwa ameanza kulia njaa.

"Sema yuko," nikamwambia.

Akaondoka. Nikakaa kwenye mkuyu nikamnyonyesha mtoto, na nilikuwa na furaha na woga pamoja, sikujua kipi ni kipi.

Baba Achieng alikuja jana jioni, habari ya mpunga imemfikia mpaka Manyatta, kule mjini, anakolala siku za kazi. Leo mchana, tukila, alikuwa anachora mipaka kwenye meza kwa kidole. Mfereji huku, miche huku, na siku moja, Mama Achieng, naacha reli, narudi nyumbani kulala na wewe kama watu. Alisema hivyo. Nikamwambia yote, kuanzia aliya mpaka kwenye mkuyu.

Aliweka kijiko chini.

"Umempa mnyama shamba langu."

Ni kweli.

Kuku akaingia, akatoka. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ulimwona kweli? Mwenyewe?"

"Nilimwona."

"Mimi nilizaliwa hapa. Nilikuwa nachunga mbuzi pale. Baba alikuwa akisema yupo, nami sijawahi. Alikuwaje?"

Nikamweleza. Pua, maji yakishuka kwa mistari, sikio moja huku na moja huku. Nilieleza vibaya, kwa mikono zaidi ya maneno, na nilipofika kwa mtoto mwenye madoa ya unga alinigeukia kabisa, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama wa Achieng akisikiliza redio.

Halafu akakumbuka kwamba amekasirika. Akasimama, akavaa koti. Mlangoni akasema, "Watu wasijue ni wewe," akaenda zake bila chai. Lakini alipita njia ya ufuoni, si njia ya barabara. Nilimwona. Alisimama pale kwenye kibao akitazama mafunjo kwa muda, na kofia yake mkononi.

Watu wasijue ni mimi. Nimelifikiria hilo tangu aondoke. Ni rahisi. Bwana Salim hatasema. Chifu atatangaza kwamba mpango umebadilika, watu watalaani serikali, na mimi nitalaani pamoja nao.

Lakini kesho Jumatatu ni siku yetu ya kukata. Nyar Seme atakuja kwenye mkuyu na mundu wake na maneno yake, na atageuza mpini ili agonge. Siwezi kumwacha agonge hodi kwenye mlango ambao nimeshaufungulia watu wengine, na yeye hajui. Lazima asikie kwangu, na asikie kabla hajagonga.

Atanitukana, na ana haki. Atataja wajane wa kwa Ogola. Atataja wali mweupe. Labda atageuka arudi, na nitabaki pale na mundu wangu kama mjinga. Au labda, akimaliza, atauliza alichouliza Baba Achieng. Alikuwaje?

Nimeshusha aliya yote iliyobaki juu ya moshi, nimeifunga kwenye majani ya migomba. Nitaenda nayo. Nitamwambia kwanza, Nyar Seme, nyama iko. Akishaishika mkononi, nitamwambia iko na ile ingine.